Uji Kwanza, Maneno Baadaye

Mazungumzo ya afisa lishe, ambaye naye ni mkimbiaji wa ridhaa, mbele ya wanachama wa klabu moja ya kukimbia mjini Moshi, Jumamosi asubuhi baada ya mazoezi.

Mwenyekiti, makocha, wazee wetu, shikamooni. Wakimbiaji wenzangu, poleni na barabara.

Kwa kawaida hapa ningesema itifaki imezingatiwa. Leo haikuzingatiwa, na aliyeivunja ni mimi. Ratiba ya mwenyekiti ilikuwa sala, utambulisho, nasaha za mlezi wa klabu, mada, halafu chakula. Nikamwomba uji utangulie. Nimeona alivyonitazama, lakini ni muungwana, akakubali. Kwa hiyo kunyweni tu, sitaona vibaya mtu akinisikiliza kikombe kikiwa mdomoni. Mmetoka barabarani dakika kumi na tano hazijaisha. Wapo waliokwenda kilomita 12, na wapo wale wa kilomita 25 waliorudi na chumvi mashavuni kama dagaa wa Kigoma. Hivi sasa misuli yenu ina njaa ambayo kichwa bado hakijapata habari zake. Mkingoja kichwa kipate habari, itakuwa saa sita mchana.

Uji wenyewe ni wa ulezi, umetiwa maziwa na sukari. Nimesikia mtu pale nyuma akinong'ona kwamba sukari imezidi. Haijazidi. Nimeipima mwenyewe, vijiko viwili vya chakula kwa kila kikombe, na mpaka tunamaliza mtakuwa mmeelewa kwa nini.

Nimeitwa niseme mkimbiaji wa mbio ndefu ale nini. Siku hizi naulizwa swali hili hata kwenye daladala. Tangu Alphonce Simbu, mwana wa Singida, atwae dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, watu wameingiwa na hamu. Mnakumbuka ilivyokuwa. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, na kilichowatenganisha ni sekunde 0.03, baada ya kilomita 42 na ushee. Mtu akishaona hivyo anakuja kuniuliza kuna unga gani, kidonge gani, kinywaji gani cha kutoka nje. Mimi namrudishia swali: jana ulikula saa ngapi? Ananitazama kama nimemuuliza mshahara wake.

Nina jambo moja tu, mengine yote ni matawi yake. Wakimbiaji wetu wengi hawali vibaya. Wanakula kidogo, na wanakula wamechelewa. Vyakula vya mkimbiaji vimejaa pale soko la Mbuyuni, tena vingine vinauzwa kwa fungu. Kinachokosekana ni kiasi na saa.

Nichukue mfano wa kijana mmoja, jina nalihifadhi. Ni fundi wa kuchomelea, ana kilo 58, na siku nne za wiki anakimbia asubuhi na jioni. Alinijia akilalamika miguu mizito. Alikuwa ameshabadilisha viatu, ameshabadilisha kocha, ameshaombewa. Nikampa daftari aandike kila anachotia mdomoni, na saa yake. Siku ya kwanza iliandikwa hivi: saa kumi na moja alfajiri, mbio kilomita 16, tumbo tupu. Saa mbili, chai ya rangi na maandazi mawili. Saa nane mchana, wali maharage kwa mama ntilie, sahani moja. Saa kumi na moja jioni, mbio kilomita 8. Saa tatu usiku, ugali na mchicha, "nikashiba sana." Hapo kwenye kushiba sana alikuwa amepigia mstari.

Tukakaa na kalamu. Maandazi mawili na sukari ya chai, tukaweka gramu 70 za wanga. Sahani ile ya wali na maharage yake, gramu 100. Ugali wa usiku, kwa unga aliosema anatia sufuriani, gramu 110. Jumla ikaja 280. Sasa mtu anayefanya mazoezi ya saa moja hadi tatu kwa siku anahitaji wanga gramu 6 mpaka 10 kwa kila kilo ya mwili wake. Kwake yeye, hata tukichukua 7, ni gramu 406. Kila siku alikuwa anakopa gramu 120 na zaidi, na alichoweka rehani ni miguu. Halafu tazameni saa. Kamaliza mbio saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlo wake wa kwanza wa maana ni saa nane mchana. Kwa muda wa saa saba na nusu amesimama juani anachomelea mageti na misuli haijalipwa chochote zaidi ya maandazi.

Niwaeleze wanga unakwenda wapi. Ukishasagwa tumboni unakuwa sukari. Inayohitajika papo hapo inatumika, inayobaki mwili unaiweka akiba kwenye misuli na kwenye ini. Akiba hiyo wataalamu wanaiita glaikojeni, sisi tuiite ghala. Ghala lenyewe ni dogo. Mtu aliyekula vizuri anabeba kama gramu 400 kwenye misuli na karibu 100 kwenye ini, ukizigeuza ni kama kalori 2,000. Na kukimbia kunakula takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 60 akitaka kumaliza marathoni anadaiwa kalori 2,500 hivi. Toeni wenyewe. Mafuta ya mwilini yanasaidia, na kila mtu anayo, hata wewe uliye mwembamba kama fimbo, ila yanaungua taratibu kama gogo bichi. Ukitaka kasi, mwili unadai sukari.

Hesabu hiyo mimi nilifundishwa darasani nikafaulu, kisha nikaenda kufeli barabarani. Ilikuwa Kilimanjaro Marathoni yangu ya kwanza. Usiku wa kuamkia mbio ndugu walijaa nyumbani, ikachomwa nyama, tukakaa mpaka saa tano. Nyama nilikula, ndizi nilionja. Asubuhi nikanywa chai ya rangi kikombe kimoja, nikajiambia nitakimbia mwepesi. Nusu ya kwanza, ile ya barabara kuu, nilikuwa napita watu nikiwasalimia. Kisha tukaanza kupanda kwenda Mweka. Wanaoujua mpando ule wameshaanza kucheka.

Kwanza niliacha kusalimia. Halafu nikashindwa kutoa: nilipita kibao cha kilomita, nikajaribu kukokotoa zimebaki ngapi, jibu likagoma kuja. Nikaanza kusikia baridi ilhali jua linawaka. Kando ya barabara alikuwa amekaa mama mmoja na beseni la ndizi mbivu. Hakuwa wa kamati ya mbio, alikuwa kwenye biashara zake. Akanitazama, akaniambia, "Mwanangu, hebu kaa." Nikakaa. Nikala ndizi tatu za mkopo. Robo saa baadaye hesabu zilirudi kichwani. Miguu haikurudi, lakini nilitembea mpaka mwisho, na kichwa changu kikiwa changu. Wiki iliyofuata nilipanda tena Mweka kwa daladala kwenda kulipa deni. Mama alikuwa amenisahau kabisa, ikabidi nimwoneshe nilivyokuwa nimekaa.

Majirani zetu wa Kenya wamepimwa katika jambo hili. Watafiti walikaa na wakimbiaji 10 wa hali ya juu, eneo la Eldoret, kwa siku saba, wakapima kila walichokula, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Zaidi ya robo tatu ya nguvu zao ilitoka kwenye wanga, takriban gramu 10 kwa kila kilo ya mwili. Na huo wanga ulitoka wapi? Ugali, wali, mkate, viazi, maharage, maziwa, na sukari. Sukari ya kawaida, hii ya dukani, ilichangia karibu moja ya tano ya nguvu zote, na chai ya maziwa ndiyo waliyokunywa kwa wingi. Kwa hiyo wewe uliyenong'ona pale nyuma, umesikia.

Tafadhali lakini, msitoke hapa mkaenda kumwambia bibi mwenye kisukari kwamba afisa lishe karuhusu. Hawa ni watu wanaokimbia kilomita mia moja na zaidi kwa wiki. Sukari inaingia na kutoka bila kukaa.

Lililonikaa kichwani kwenye utafiti ule ni saa. Walikula mara tano kwa siku, na baada ya mazoezi hawakuacha saa nzima ipite bila kutia kitu tumboni. Vyakula vyao wengi wenu mnavyo jikoni. Mpangilio ule hatuna.

Sasa turudi kwa fundi wetu. Hakununua kitu kipya ila chupa ya chai, ile ya kutunza joto. Usiku mkewe anapika uji, anaujaza. Alfajiri kabla ya kutoka anakula ndizi mbivu moja, au tende nne, basi. Tumbo halihitaji zaidi kwa saa ile. Siku ya mbio nyepesi za chini ya saa moja akitoka bila kula haina neno, lakini siku ya kasi au ya masafa marefu, ndizi ni lazima. Akirudi, kabla ya kuoga, kikombe kikubwa cha uji wenye maziwa. Saa mbili anakula kiporo, ugali wa jana au makande, sahani ya kweli. Saa nne viazi vitamu viwili vya kuchemsha kutoka nyumbani, vimefungwa kwenye mfuko. Mchana wali wake uleule. Na chakula cha usiku kikasogezwa kutoka saa tatu hadi saa moja na nusu. Baada ya wiki tatu alinirudia na lalamiko jipya: unga unaisha haraka nyumbani. Nikamwambia hilo ndilo lalamiko nililokuwa nalisubiri.

Unga gani? Hapa najua kuna vita baridi kati ya sembe na dona. Dona limebaki na kiini na ganda lake, kwa hiyo lina vitamini, madini na nyuzinyuzi ambazo sembe imeziacha mashineni. Kwa siku za kawaida, kuleni dona. Ila hakikisheni mahindi yamekaushwa vizuri na yaliyooza yamechambuliwa, maana sumukuvu haionekani kwa macho wala haifi kwa kupikwa, na hapa nchini imeshaua watu. Siku moja kabla ya mashindano geuzeni, mle sembe au wali mweupe. Nyuzinyuzi ni rafiki mzuri siku zote isipokuwa kilomita ya 18 ukitafuta choo.

Protini nitaipitia haraka kwa sababu watu wanaihangaikia kuliko inavyostahili. Gramu 1.2 mpaka 2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinatosha, zikigawanywa kwenye milo badala ya kulundikwa usiku. Makande yenyewe yana akili, kwa sababu kinachopungua kwenye mahindi kimo kwenye maharage. Ongeza yai, mtindi, au dagaa ambao unawatafuna na mifupa yao yote, na hiyo mifupa ni kalisi. Zile poda za makopo makubwa sizioni kuwa za lazima kwa mtu yeyote aliye ndani ya ukumbi huu. Na anayeshindana ajue kwamba baadhi ya virutubisho vya madukani vimekutwa na dawa zilizokatazwa michezoni. Ukipimwa ukakutwa nazo, kusema hukujua hakukuokoi.

Sasa nifike kwenye chai, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo ninapogombana na watu.

Mkimbiaji wa mbio ndefu anapoteza madini ya chuma kwa njia ambazo jirani yake hana. Anapoteza kidogo kwenye jasho. Kila nyayo inapogonga lami, chembe nyekundu kadhaa za damu zinapasuka. Utumbo nao kwenye mbio ndefu unaweza kuvuja damu kidogo usiyoiona. Kina dada mna hedhi juu ya hayo yote. Na chuma ndicho kinachoiwezesha damu kubeba oksijeni, kwa hiyo kikipungua unakimbia kama mtu aliyefunga mlango wa pua.

Halafu tazameni meza zetu. Ugali, maharage, mchicha, vyote vina chuma, ila ni chuma cha mimea, ambacho mwili unakipokea kwa shida. Na kando ya sahani kuna nini? Chai ya rangi, nyeusi, imechemka mpaka imekuwa chungu. Ile chai ina tanini, na tanini inakikamata chuma tumboni kabla hakijapita kwenda kwenye damu. Unakula mchicha kwa mkono wa kulia, unaufukuza kwa wa kushoto. Kahawa ni hivyohivyo, tena hapa kwetu Kilimanjaro sisemi zaidi, nitapigwa.

Sijasema muache chai. Nimesema isikae meza moja na chakula. Ipeni saa moja. Kwenye chakula chenyewe kamulieni ndimu, au mle na chungwa, pera, juisi ya ubuyu, kwa sababu vitamini C inafanya kazi kinyume cha chai, inafungua mlango. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji ya kuloweka yamwagwe. Uji uliochachushwa, ule wa mabibi zetu, unaachia chuma kwa urahisi kuliko ule wa chapuchapu. Na mara mbili tatu kwa wiki pateni chuma cha mnyama, ambacho hakina ubishi: maini, nyama nyekundu, dagaa. Wazee wetu wakichinja mbuzi walikunywa kisusio, supu yenye damu. Maabara hawakuwa nayo. Anayezuiwa na imani yake ana maini.

Dada, ukijikuta unatamani udongo, ule unaouzwa kwa vipande sokoni, au unatafuna barafu siku nzima, usione haya, nenda kapime damu. Mara nyingi ni chuma kinakuita, na udongo wenyewe unazidi kukizuia. Omba upimwe wingi wa damu na feritini pia, maana feritini ndiyo inayoonesha akiba, na akiba huisha kabla damu haijashuka. Vidonge vya chuma visimezwe kwa kuambiwa na mwenzako wa mazoezini. Chuma kikizidi kinadhuru, na mwili hauna njia nyepesi ya kukitoa.

Nikiwa bado kwa kina dada, makocha mnisikilize. Nilishamwona kocha mahali fulani akiwapima wasichana uzito mbele ya wenzao na kusoma namba kwa sauti. Mmoja wao aliacha kula usiku. Kwa miezi michache alikimbia vizuri kweli, akasifiwa. Kisha hedhi ikakatika. Mwaka haukuisha, mfupa wa mguu ukapata ufa bila kuanguka wala kugongwa. Hedhi ikikatika miezi mitatu kwa msichana asiye na mimba, hiyo si dalili kwamba mazoezi yamekolea, ni mwili umeanza kufunga ofisi moja baada ya nyingine kwa kukosa bajeti. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko juu ya hali hii mwaka 2014, na ikasema wazi kwamba wanaume nao wanapatwa. Kwa wanaume dalili ni kimya zaidi. Hamu ya mambo ya chumbani inapungua, mafua hayaishi, majeraha hayaponi. Dawa ya kwanza ni chakula zaidi, na mara nyingi ni pamoja na kupunguza kilomita.

Maji. Kwenye mazoezi ya chini ya saa moja kunywa ukisikia kiu, yanatosha. Mkojo ukiwa wa rangi ya majani makavu, mambo ni mazuri. Ukifanana na chai ile tuliyoigombanisha, ongeza. Lakini kunywa kupita kiasi nako ni hatari, na hili watu hawalijui. Kwenye Boston Marathoni ya 2002 watafiti walichukua damu za wakimbiaji 488 mwishoni, wakakuta 13 katika kila 100 chumvi ya damu imeshuka chini ya kiwango, na sababu kubwa ilikuwa kunywa maji mengi mno, mtu anamaliza mbio ana uzito zaidi ya alioanza nao. Chumvi ikishuka sana ubongo unavimba. Kwa hiyo msishindane na vikombe vya njiani.

Mbio zikipita saa moja na nusu, mwili unataka sukari njiani, gramu 30 hadi 60 kila saa. Zile jeli za wazungu zinafanya kazi, sina ugomvi nazo, ila bei yake moja unanunua kilo kadhaa za unga. Nyumbani chukueni lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vitano vya chakula vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi, kamulieni ndimu au chungwa. Mmepata kama gramu 60 za sukari kwenye lita. Onjeni: ikiwa na chumvi kama machozi mmekosea, mwageni. Madafu ni matamu na yana potasiamu tele, ila chumvi ya kwenye jasho hayairudishi ya kutosha. Na kinywaji chochote, cha dukani au cha jikoni, kijaribiwe kwenye mazoezi marefu mara nne tano kabla ya siku yenyewe. Tumbo nalo linafundishwa kama miguu.

Wiki ya mashindano haina uchawi. Siku mbili tatu za mwisho mazoezi yanapungua, chakula cha wanga kinapanda, na siku ya mwisho maharage, kabichi na vya kukaanga vinasogezwa kando. Mlo mkubwa uwe mchana, usiku ule mapema na kwa kiasi. Asubuhi, zikiwa zimebaki saa tatu mbio zianze, mkate na asali, ndizi mbivu, uji mwepesi, kile ulichokizoea. Ndugu wakija na nyama usiku, waambieni iwangoje Jumapili jioni. Mimi nimeshawalipia ada ya somo hilo.

Nimeona mikono. Mama mwenye mtandio wa kijani, karibu... Ameuliza kuhusu Ramadhani. Ahsante, dada yangu, ningelisahau. Mwezi ule si wa kutafuta rekodi. Mazoezi mepesi yawekwe saa moja kabla ya magharibi, ili ukimaliza futari iko mezani, au saa mbili baada ya futari ukiwa na kitu tumboni. Fungua kwa tende na uji, ambavyo ndivyo mlivyofanya siku zote, na kwa mkimbiaji hakuna kilicho bora zaidi. Halafu usiruke daku. Wengi mnaruka kwa usingizi. Daku iwe wali au viazi, mtindi, tunda na maji. Chumvi isizidi, itakutesa mchana. Mbio za masafa marefu ziachwe mpaka baada ya Idi.

Kijana wa jezi nyekundu. Pombe? Nilijua itafika. Baada ya mbio ndefu pombe inachelewesha kila kitu nilichokisema asubuhi hii: inachukua nafasi ya chakula, inachelewesha misuli kujitengeneza, na inakukojoza maji uliyobaki nayo. Mbege ina ulezi na ndizi, ni kweli, bibi yangu aliniambia ni chakula. Kunywa kikombe cha bibi basi, ukishakula, na si cha mjomba.

Mzee wangu, shikamoo. Sema tu, tunakusikia... Mzee anasema enzi zao walikuwa wanakimbia kwenda shule na kurudi, asubuhi wanakula kiporo cha makande na maziwa, mfukoni kuna kiazi, na hakuna aliyewapimia gramu. Anauliza kama haya yote ni mapya. Mzee, umenimaliza. Kiporo asubuhi, kiazi saa nne, maziwa. Wewe ulikuwa unakula mara tano kwa siku kabla Eldoret haijapimwa. Wajukuu zako ndio walioambiwa mjini kwamba kiporo ni cha maskini, wakahamia kwenye chai na andazi.

Mwenyekiti ananionesha saa. Sawa. Sufuria la makande limeshafika pale mlangoni, na machungwa yamekatwa. Foleni ianze na wale wa kilomita 25, wengine mtawapisha. Chai ipo, ipo ya kutosha, mama ameiweka kwenye chupa zile mbili kubwa. Funguo za chupa ninazo mimi, na zitafunguliwa saa tano.